Kwa Nini Saumu ya Ugenini Hurefuka na Kufupika: Majira ya Mwaka, Mwinamo wa Dunia na Mwezi wa Ramadhani

*Darsa hii ilitolewa baada ya Sala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani 1447, kwa wanajumuiya wetu waishio Uingereza. Imenakiliwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa, na maswali mawili ya hadhira yamewekwa mwishoni.*

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Darsa ya leo inahusu jambo tunaloishi nalo kila siku lakini aghalabu hatulitazami. Siku ya kwanza ya mwezi huu jua la London lilitua saa 11 na dakika 20 hivi za jioni. Mwezi utakapomalizika, litakuwa linatua baada ya saa 12. Alfajiri nayo imekuwa ikitangulia siku baada ya siku. Ndani ya mwezi mmoja mchana umeongezeka kwa karibu saa mbili. Ndugu zetu walioko Unguja, Mombasa na Lamu hawajaona badiliko lolote la kutajwa: wanafuturu wakati ule ule waliofuturu mwaka jana na mwaka juzi, ila dakika chache tu.

Mtoto aliyezaliwa hapa humwuliza bibi yake: kwa nini? Na bibi, aliyefunga miaka hamsini pwani bila kuhitaji kuliuliza swali hilo, hana budi kupewa jibu pia. Mtu asipoelewa sababu huanza kudhani mengine: kwamba saumu ya majira ya joto ni adhabu, kwamba jirani aliyelemewa ana imani dhaifu, au kwamba msikiti wenye ratiba tofauti na wetu umepotoka. Ningependa tuelewe kwanza, ndipo tuhukumu.

Jibu lisilo sahihi

Wengi wetu tukiulizwa kwa nini kuna joto na baridi, hujibu kwamba dunia hulikaribia jua wakati wa joto na kuwa mbali nalo wakati wa baridi. Jibu hili linaingia akilini upesi, kwani anayesogea motoni hupata joto. Lakini si sahihi.

Ni kweli kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na umbali hubadilika. Lakini dunia huwa karibu zaidi na jua mapema mwezi wa Januari, kwa umbali wa takriban kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mapema mwezi wa Julai, kwa takriban kilomita milioni 152. Yaani wakati sisi hapa tunavaa makoti mazito na kuwasha joto nyumbani, dunia ipo karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Na Januari hiyo hiyo watu wa Cape Town wamo katika joto lao. Lau umbali ndio ungekuwa sababu, dunia nzima ingepata baridi pamoja na joto pamoja.

Jibu lenyewe: mwinamo

Dunia hujizungusha yenyewe kila siku, na hivyo tukapata usiku na mchana. Hujizungusha kwa mhimili, mstari tunaoukadiria kupita katikati yake kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini. Mhimili huo haukusimama wima juu ya njia ambayo dunia hupita kulizunguka jua. Umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi. Majira yote ya mwaka chimbuko lake ni mwinamo huo.

Leo usiku, baada ya Tarawehe, wafanyieni watoto jaribio hili. Wekeni taa katikati ya meza. Chukueni chungwa, lichomeni kijiti cha mshikaki kutoka juu hadi chini, kisha kiinamisheni kidogo kijiti kielekee ukuta mmoja wa chumba. Sasa lizungusheni chungwa kuizunguka taa, na jambo la kuchunga ni moja tu: kijiti kisiache kuelekea ukuta ule ule. Upande mmoja wa meza mtaona sehemu ya juu ya chungwa imeielekea taa. Mkifika upande wa pili, sehemu ile ile imeipa taa kisogo, na sehemu ya chini ndiyo iliyopata mwanga.

Ndivyo ilivyo dunia. Mwaka mzima mhimili wake huelekea upande ule ule wa mbingu, karibu na nyota ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Jah na kuitumia kujua walipo baharini. Mwezi wa Juni nusu ya kaskazini ya dunia huwa imelielekea jua. Mwezi wa Desemba huwa imeligeuzia kisogo, na nusu ya kusini ndiyo inayolielekea. Kati ya hapo, takriban tarehe 20 Machi na tarehe 22 Septemba, hakuna nusu iliyolielekea jua kuliko nyingine, na usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote.

Mwinamo huu haukugunduliwa jana. Al-Battani, mnajimu aliyefanya uchunguzi wake huko Raqqa katika nchi ya Sham na kufariki mwaka 929, aliupima akapata nyuzi 23 na dakika 35. Kwa kuwa mwinamo hupungua polepole mno kadiri karne zinavyopita, kipimo hicho kinaafikiana vizuri sana na hali ya zama zake. Hakuwa na darubini. Alikuwa na vyombo vya kupimia kimo cha jua, na subira ya miaka mingi.

Mwinamo unafanya mambo mawili

La kwanza ni urefu wa mchana. Sehemu iliyolielekea jua hukaa katika mwanga muda mrefu zaidi kila dunia inapojizungusha. London mwezi wa Juni hupata mchana wa zaidi ya saa 16 na nusu, na Desemba hupata pungufu ya saa 8. Muscat, iliyo karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa, hupata takriban saa 13 na nusu Juni, na saa 10 na dakika 40 hivi Desemba. Unguja, iliyo nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki hata saa moja. Ni dakika 40 na kidogo. Kadiri mtu anavyojitenga na Ikweta, ndivyo mwinamo unavyomgusa.

La pili ni kimo cha jua. Mchana wa Juni jua la London hupanda hadi nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Mchana wa Desemba halivuki nyuzi 15. Mwali unaoshuka kutoka juu hukusanyika mahali padogo. Mwali unaokuja kwa mshazari hutawanyika juu ya eneo kubwa, na kila kipande cha ardhi hupata fungu dogo. Pima wewe mwenyewe: kijiti cha mita moja adhuhuri ya Juni hutoa kivuli cha nusu mita na kidogo, na adhuhuri ya Desemba hutoa kivuli cha mita tatu na nusu na zaidi. Ndiyo maana jua la Desemba huonekana lakini halimpashi mtu joto.

Wafasiri wa Qur'ani walipofika katika Surat Ar-Rahman, panapotajwa mashariki mbili na magharibi mbili, wengi wao walieleza kwamba ni mahali jua linapochomoza na kutua wakati wa joto na wakati wa baridi. Anayeishi Uingereza huiona tafsiri hiyo dirishani mwake: Juni jua hutua kaskazini-magharibi, na Desemba hutua kusini-magharibi.

Msidhani kwamba pwani yetu haikuguswa na mwinamo. Iliguswa kwa njia ya upepo. Juni hadi Agosti bara kubwa la Asia hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka baharini kwenda kuijaza nafasi hiyo. Huo ni Kusi, upitao pwani yetu na kwenda kuipiga milima ya Dhofar, ikawa ukungu na manyunyu ya Salalah. Kuanzia Desemba bara hilo hupoa, na upepo hurudi kinyume: ni Kaskazi. Majahazi ya Sur na Muscat yalishuka na Kaskazi na kupanda na Kusi. Undugu wetu na Oman, na lugha tunayozungumza hivi sasa, vilisafirishwa na mwinamo huo wa nyuzi 23.

Kwa nini Ramadhani husafiri ndani ya majira

Mwaka wa jua una siku 365 na robo hivi. Mwaka wa Hijria, wenye miezi 12 ya mwandamo, una siku 354 au 355. Tofauti ni takriban siku 11, na kwa hiyo Ramadhani hutangulia kwa siku 11 kila mwaka wa jua. Tulifunga mwezi wa Juni miaka ya 2015 na 2016. Sasa tunafunga Februari na Machi. Na mwaka 2030 inatarajiwa Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Kisha tutarudi nyuma hadi kiangazi cha Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 2040 saumu itakuwa tena ya Juni. Mzunguko mzima huchukua takriban miaka 33 ya Hijria.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuahirisha na kupachika miezi, iliyoitwa *nasii*. Desturi hiyo ilikatazwa katika aya ya 37 ya Surat At-Tawba. Tangu hapo mwezi uliachwa uende na mwandamo wake, wala haukufungwa tena katika msimu mmoja. Wanazuoni wengi wa lugha husema jina la Ramadhani lenyewe latokana na ukali wa joto, lakini mwezi hauko tena katika joto hilo peke yake.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili vizuri. Walijua kwamba kalenda ya mwandamo haimwambii mkulima apande lini wala nahodha atweke tanga lini. Kwa hiyo, pembeni mwa Hijria, waliweka hesabu ya pili, mwaka wa jua unaoanza kwa Nairuzi, wenye siku 365, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Ibada ilikwenda na mwezi, jembe na tanga vikaenda na jua. Hawakuona mgongano wowote kati ya hesabu hizo mbili.

Sasa tuzingatie hekima yake. Tuseme Ramadhani ingewekwa Juni daima. Mwislamu wa London angefunga saa 18 na zaidi kila mwaka wa maisha yake, na Mwislamu wa Cape Town, ambaye mchana wake wa Juni ni kama saa 10, angefunga saumu fupi daima. Ingewekwa Desemba, mizani ingepinduka. Lakini mwezi unaozunguka hauna upendeleo. Kila mahali duniani, ukijumlisha michana yote ya mwaka, hupata takriban nusu ya saa zote za mwaka huo. Basi aliyefunga London kwa miaka 33 na aliyefunga Unguja kwa miaka 33, saa zao za mchana zikijumlishwa hukaribiana. Iko tofauti ndogo, kwani alfajiri ya kaskazini huanza mapema zaidi kabla ya jua kuchomoza. Lakini mzigo umegawanywa. Aliyefunga saa 18 mwaka 2016 atafunga saa 10 hivi mwaka 2030, na ndugu yake wa Unguja atakuwa na saa zake 13 au 14 miaka yote.

Shafaki isiyozama

Nafika sasa kwenye jambo ambalo limewahi kuwagawa watu katika misikiti mingi ya nchi hii, nalo ni ratiba ya Isha na Alfajiri wakati wa kiangazi.

Jua likishatua, mwanga hauondoki mara moja. Hubaki wekundu, kisha weupe, hadi jua lizame vya kutosha chini ya upeo wa macho. Kipimo kinachotumiwa sana cha giza kamili ni nyuzi 18. Unguja jua hushuka karibu wima, na hufika hapo kwa muda wa saa moja na robo hivi. Hapa Uingereza jua hushuka kwa mshazari. Na kuanzia wiki ya mwisho ya Mei hadi wiki ya tatu ya Julai, jua la London halizami nyuzi 18 usiku kucha. Tarehe 21 Juni hata usiku wa manane liko nyuzi 15 tu chini ya upeo. Shafaki ya magharibi haijamalizika, na weupe wa alfajiri umeshaanza. Hali hii hutokea kila mahali palipo kaskazini ya nyuzi 48 na nusu hivi. Na Tromsø, huko Norwei, jua halitui kabisa kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai.

Kwa hiyo alama ambayo wakati wa sala umejengwa juu yake haionekani, na wanazuoni hawakuwa na budi kukadiria. Wako waliougawa usiku mafungu saba, wako waliofuata mji wa karibu wenye alama, wako waliofuata siku ya mwisho ambayo alama ilionekana, na wako waliochagua nyuzi 15 au kipimo kingine. Misikiti miwili ya mtaa mmoja ikitofautiana kwa nusu saa au zaidi, chanzo chake ni mhimili ulioinama na watu wa elimu waliojitahidi kwa nia njema. Shikeni ratiba ya msikiti mnaousali, wala msivunje undugu kwa ajili ya dakika ambazo anga lenyewe halikuziandika.

Tunayoondoka nayo

Kwanza, tuwahurumie wanaolemewa. Saa 18 za Juni si saa 13 za Unguja. Mgonjwa, mzee asiyejiweza, mjamzito, anayenyonyesha na msafiri wana ruhusa zao katika sheria, na anayezitumia hastahili kutazamwa kwa jicho baya. Wenye kisukari na wanaotumia dawa wazungumze na daktari wao na shehe wao kabla ya Ramadhani za kiangazi kurejea.

Pili, zipo faida za mwinamo tunazoweza kuzitumia. Makka iko nyuzi 21 na nusu hivi kaskazini ya Ikweta, ndani ya eneo ambalo jua hufika utosini. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, jua husimama juu ya Al-Kaaba saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, ambazo ni saa 4 na dakika 18 asubuhi hapa. Anayelielekea jua wakati huo ameelekea kibla. Sahihisheni vibla vya nyumba zenu bila kifaa chochote.

Tatu, Idi ya mwaka huu inatarajiwa kuangukia karibu na tarehe 20 Machi, ambapo usiku na mchana hulingana. Ina maana kwamba katika siku hizi za mwisho, Mwislamu wa London, wa Muscat, wa Mombasa na wa Cape Town watakuwa wanafunga michana ya urefu uliokaribiana mno. Mkipiga simu nyumbani, waelezeni kwamba kwa siku chache tumekuwa sawa.

Maswali

*Swali: Ustadh, ikiwa mchana mfupi kabisa ni wa Desemba, mbona baridi kali huja Januari na Februari?*

Jibu: Swali zuri, mama yangu. Ardhi na bahari ni kama sufuria nzito: haichemki mara tu ukiwasha moto, wala haipoi mara tu ukiuzima. Baada ya Desemba mchana huanza kurefuka, lakini kwa wiki kadhaa joto linalopotea bado huzidi linaloingia. Ndivyo pia joto kali la hapa huja Julai, baada ya mchana mrefu wa Juni kupita.

*Swali: Kwa nini basi tusifunge kwa saa za Makka, tukaepuka urefu huu?*

Jibu: Wanazuoni walio wengi wanasema kwamba penye usiku na mchana vinavyotambulikana ndani ya saa 24, kila mtu hufuata alfajiri na machweo ya mahali alipo, makadirio ni kwa mahali ambapo jua halitui au halichomozi. Zipo rai nyingine kwa michana iliyopindukia, na katika hilo kila mmoja amrejee shehe wake. Nami nitaongeza hesabu tu: anayetaka saa za Makka kwa Juni ya London, azichukue na kwa Desemba pia, afunge saa mbili hivi za giza baada ya jua la hapa kutua. Mizani haichukuliwi kwa upande mmoja.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awape nguvu wazee wetu, awafanye watoto wetu wenye kutazama na kutafakari, na atufikishe Ramadhani nyingine, iwe ndefu au fupi, tukiwa na afya na umoja. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.